Kifungo Hakikuwemo

“Nyumba yenye hatia mimi naijua kabla sijabisha hodi,” alisema Sajenti Sindano. Akainua mkono, akabisha hodi nyumba siyo.

Alifungua mama mmoja mwenye povu la sabuni mpaka viwikoni. Akawatazama wale askari wawili mlangoni pake, akaijua shida yao bila kuuliza. “Kwa Bibi Fundi ni mlango unaofuata,” alisema. “Ule wenye bango la mkasi.” Bango lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mlango.

“Pua yangu leo ina mafua,” Sajenti alimwambia Koplo walipokuwa wanarudi njiani. “Tutumie macho.”

“Na macho nayo yalikuwa wapi, afande?”

“Yalikuwa yanakutazama wewe, unavyotembea kama mtu anayemdai mwenzake kifungua kinywa.”

Waliompa mwanamke huyu jina la Sindano hawakuangalia umbo, maana kwa umbo angeitwa Gunia. Waliangalia kazi. Alikuwa anaingia kwa ncha ndogo mno, hata huhisi, na akishapita unakuta nyuma yake kuna uzi, na wewe umeshonwa.

Kesi ilikuwa fupi, na hilo ndilo lililomkera. Kesi fupi ni kama suruali fupi: lazima kuna mtu aliyeikata. Bibi Fundi, mjane mwenye duka la cherehani, aliamka Jumapili akakuta mkufu wake wa dhahabu haupo. Jioni, kama ilivyo desturi ya nyumba ile kila Jumapili, watu walikaa mezani, safari hii wanne, kucheza herufi: vibao vidogo vya mbao vimo ndani ya mfuko wa kitambaa, kila kimoja na herufi yake, mtu anachota saba bila kuangalia, kisha anatafuta neno. Zamu ya kwanza ni ya mwenye umri. Bibi akachotewa saba zake, zikapangwa mezani. Zilisomeka: K, I, F, U, N, G, O.

Kifungo ndilo jina la msichana anayeshona kwa Bibi. Aliingia pale hajui kitu zaidi ya kukaza vifungo vya mashati, jina likamganda. Na kifungo, kama kila mtu ajuavyo, ndicho anachopewa mwizi na hakimu. Watu walikuwa hawajamaliza kushika vifua, Dalali, mtoto wa shemeji yake Bibi, akasimama akasema, “Na lile kopo la vifungo kule dukani, kuna aliyeliangalia?” Wakaenda. Mkufu ulikuwa umelala ndani ya kopo, katikati ya vifungo vya makoti.

Basi msichana akalala mahabusu. Mkuu wa kituo alikuwa keshamwandika aondoke na gari la mchana la kwenda mahakamani. “Kielelezo kipo, mshukiwa yupo, na Mungu mwenyewe kasimama shahidi,” alisema. “Unataka nini tena, Sindano?”

“Nataka mpaka gari lije.”

Alijua kilichokuwa kinasubiri. Bibi alikwisha kutangaza mbele ya watu kwamba mwisho wa mwezi angemkabidhi Kifungo funguo za duka, cherehani zote tatu na wateja wake. Mtu akishapanda gari lile, hata akirudi msafi, hakuna anayempa funguo. Hapewi hata kitambaa cha kupunguza.

Na msichana mwenyewe hakusaidia. Asubuhi, nyuma ya nondo, alilia mpaka sauti ikakatika, akasema jambo moja tu, akalirudia: “Kifungo hakikuwemo, afande! Kifungo hakikuwemo!” Sajenti hajamuuliza vizuri, mkuu wa kituo akamwita.

“Anasema yeye hakuwemo kwenye wizi,” Koplo alitafsiri. “Ila kilio kimemla sarufi.”

Ndani, nyumba ya Bibi Fundi ilianza na duka na kumalizikia jikoni. Cherehani tatu zilikaa chini ya dirisha, mbili zimefunikwa, ya tatu ina mkono wa gauni umening'inia kama unaomba msaada. Juu ya rafu lilikuwa lile kopo, na kando ya kopo pasi ya mkaa ya zamani, kubwa kama mtoto wa mwaka. Nyuma ya pazia ndiyo sebule. Majirani wawili walikuwa wamebandika nyuso dirishani.

“Wanaangalia nini hawa?” aliuliza Sajenti.

“Muujiza,” alijibu mzee mwembamba aliyesimama kando ya meza, mikono nyuma. Ndiye mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu mstaafu wa hesabu, amehamia majuzi tu na jana ilikuwa mara yake ya kwanza kualikwa mezani. Alikuwa amevifunika vile vibao saba kwa bakuli la kioo, kama mtu aliyekamata panzi. “Nilivifunika palepale jana usiku, afande. Hakuna aliyegusa. Mimi mwenyewe niligusa G kidogo, ilikuwa imekaa upande.”

“Umeupiga muujiza pasi.”

“Kwa unadhifu tu.”

Sajenti akainama. Vibao vya mbao nyekundu, vimechongwa kwa mkono, herufi zimechomwa kwa chuma cha moto. Saba, sawasawa, safu moja. Mfuko ulikuwa palepale mezani, umefungwa kamba, umevimba.

“Na huu?”

“Haujafunguliwa tangu jana. Bibi alichotewa wa kwanza, sisi wengine zamu haikutufikia. Baada ya hapo nani angekuwa na hamu?”

“Alichotewa. Na nani?”

“Na mimi,” ilisema sauti mlangoni.

Dalali aliingia bila haraka. Shati lake lilikuwa na mikunjo miwili tu, na yote miwili ilikuwa imekusudiwa. Alikuwa anauza nyumba za watu mjini, na alipoingia popote macho yake yalianza kwenye dari, yakapima kuta, ndipo yakashuka kwa binadamu.

“Karibu, afande. Nyumba ina msiba, lakini karibu.”

“Msiba wa nani? Mkufu si umepatikana?”

“Msiba wa uaminifu,” alisema Dalali, akaketi. “Mama mkubwa amejifungia chumbani tangu jana. Binti amemlea mwenyewe.”

“Kwa nini achotewe? Hana mikono?”

“Vidole vinamuuma, haviingii vizuri mfukoni. Na miwani yake hutaiona mezani, iko kwenye cherehani saa zote, anasema mchezo si kazi. Kwa hiyo anayekaa kuliani kwake ndiye anayemchotea na kumsomea. Ni desturi ya siku nyingi.”

“Na kuliani kwake huwa anakaa nani?”

Dalali akatabasamu. “Huwa Kifungo. Jana nilimwomba anipishe. Mtu siji kila wiki, nilitaka kukaa karibu na mama yangu mkubwa. Ni kosa?”

“Si kosa. Mimi naandika kichwani tu, na kichwa chenyewe kikubwa, nafasi ipo.”

Mwalimu alikohoa. “Afande, naomba niseme kuhusu uwezekano. Usiku sikulala, nimepiga hesabu. Mfuko sikuufungua, nimekisia tu idadi ya kila herufi. Mtu achote saba, zitoke hizo saba bila kubaki hata moja, ni mara moja katika malaki. Malaki, afande. Ukicheza kila Jumapili, utakufa, watoto wako watakufa, na bado.”

“Kwa hiyo ni mkono wa Mungu?”

“Mimi ni mtu wa hesabu. Nasema tu ni nadra.”

Dalali akanyoosha kidole, kwa upole, kama anayeonyesha chumba cha ziada. “Lakini Mwalimu, nadra si muhali. Jambo la mara moja katika laki, nyumba laki zikicheza, moja litaiangukia. Kwa nini isiwe sisi? Mimi sisemi Mungu, wala sisemi jini. Nasema bahati imesaidia haki. Mkufu ulikuwa ndani ya kopo au haukuwemo?”

“Ulikuwemo,” alisema Mwalimu.

“Basi.”

Sajenti alivuta kiti, kiti kikalalamika. “Umesema vizuri, mwanangu. Na mimi bahati naiheshimu. Nilimpata mume kwa bahati na nikamkosa kwa bahati. Hebu tuchote.”

“Tuchote nini?”

“Herufi. Hizo saba zikae chini ya bakuli lao. Koplo, anza wewe.”

Koplo aliingiza mkono mfukoni kama anayetafuta nyama kwenye sufuria, akatoa saba, akazimwaga mezani: L, A, U, M, K, A, I. Akazikodolea macho. Midomo ikaanza kusogea. Kisha akaruka.

“KULA! Afande, tazama! K, U, L, A! Na mimi toka asubuhi sijatia kitu mdomoni!”

Majirani dirishani walishangilia.

“Umeona, Mwalimu?” alisema Sajenti. “Mfuko umeijua njaa ya Koplo. Na humohumo kuna MALI, kuna LAMI, kuna MUKI ambalo si neno, na hilo hatulitangazi. Angekuwa ameshiba, angeona MALI akacheza bahati nasibu. Neno kutoka si habari. Kiswahili kina irabu nyingi, ukizitikisa kidogo zinaongea. Zamu yako.”

Mwalimu alichota kwa ncha za vidole, moja moja, kwa heshima. A. Z. I. N. P. A. U. Akazitazama. Akazisogeza mbili tatu. Kisha akasimama ghafla, akakaa ghafla zaidi, na mkono wake ukaenda kwenye mkanda wa suruali.

“Nini?”

“Hakuna.”

“Mbona umekuwa mweupe kama chaki yako?”

Kwenye meza, mbele ya mzee, herufi nne zilikuwa zimejipanga: ZIPU.

“Nitasema,” alisema Mwalimu. “Mfuko huu haudanganyi. Nitasema mwenyewe. Jana alasiri niliingia dukani. Hapakuwa na mtu. Nilishusha kopo la vifungo, nikalimwaga lote juu ya meza ya kukatia.”

Koplo akafungua mdomo. Dalali aligeuza shingo taratibu.

“Ulitafuta nini?”

“Kifungo.” Mzee alishusha sauti, lakini majirani nao walisogeza masikio. “Zipu yangu ilikufa. Suruali ni hii moja ya heshima, na jioni nimealikwa mezani kwa mara ya kwanza. Nitamwambia nani? Msichana? Bibi? Nikachukua kifungo kimoja, nikakikaza mwenyewe chumbani. Kiko hapa. Kiko… hapa. Ni cha koti la kike.”

Dirishani mtu alicheka mpaka akagonga paji kwenye nondo.

“Mwalimu wangu,” alisema Sajenti, na yeye alikuwa anajikaza, “mfuko haukujua lolote. Ungekuwa na zipu nzima ungeona PUA, ungeniangalia mimi. Mwenye siri huisoma popote, hata kwenye pakiti ya chumvi. Lakini umenifaa. Ulipomwaga kopo lote mezani, uliona mkufu?”

Mzee alifikiri. “Hapana. Nilivitandaza vyote. Nilikuwa natafuta kinachofanana na rangi ya suruali. Mkufu haukuwemo.”

“Kumbe mkufu uliingia baadaye. Kati ya alasiri na mchezo nani alikuwemo nyumbani?”

“Msichana alikuwa anatoka na kuingia. Na huyu bwana, aliyepita hapa Jumamosi kuleta kitambaa, alirudi mapema, kupimwa suruali.”

“Nilikuja kupimwa suruali,” Dalali alikubali. “Kifungo ndiye aliyenipima. Akaniacha dukani akaenda kutafuta pini. Je, na hilo linaandikwa kichwani?”

“Limekwisha kuandikwa.”

Basi wamebaki wawili, na gari linakuja. Sajenti alilitazama lile bakuli la kioo.

“Nitakuambia kinachonisumbua,” alimwambia Dalali. “Jana mngepata MKUFU mngeshangaa. Mngepata MWIZI mngeshangaa. KOPO, PINGU, JELA, kwa lolote mngeita majirani. Kwa hiyo meza yenu ilikuwa imezungukwa na miujiza inasubiri foleni, na mmoja kujipenyeza ingekuwa si ajabu. Lakini hiyo yote ni miujiza yenye makombo, kama KULA ya Koplo, imebakiza herufi tatu. Hii yenu haina kombo. Saba zimeingia, saba zimeandika. Na imekuja siku ileile mkufu ulipopotea, na siku ileile mchotaji alipobadilika. Bahati namjua, mwanangu. Bahati haombi kupishwa kiti.”

“Unanituhumu?”

“Nakuomba uchote. Wenzio wamechota.”

Dalali alicheka, akakunja mkono mmoja wa shati, kwa usawa, mpaka kwenye kiwiko. “Huu mfuko, afande, nimeuchezea tangu sijaota meno ya mbele. Ami yangu marehemu alivichonga vibao hivi nikimshikia taa. Hakuna kibao humu nisichokijua. Jana niliingiza mkono hivi, mtupu, mbele ya watu, nikatoa moja, moja, moja, mpaka saba.” Alikuwa anatoa na kuweka mezani akisema. “Hivi. T. A. W. E…”

Cha tano hakikuwa kibao. Kilikuwa kifungo kikubwa cheusi cha koti, chenye matundu manne. Dalali alikitazama, akakibwaga pembeni kwa kucha, akaendelea. “…I. M. Na O. Haya, tafuta muujiza.”

“Kile nini?” aliuliza Sajenti.

“Kile? Kifungo, afande. Kimeangukia humo. Hii ni nyumba ya fundi, vifungo viko mpaka kwenye sukari.”

Sajenti alikiokota. Alikigeuza. Upande mmoja kilikuwa kimelainika kabisa, kimeng'aa, kama kitu kilichoshikwa na vidole vingi kwa miaka mingi. Alikisugua kwa dole gumba mpaka Koplo akaanza kuogopa.

“Koplo,” alisema mwishoni. “Mtu akiitwa Kijiko, akija hapa, utasemaje?”

“Nitasema… Kijiko amekuja.”

“Na kikija?”

“Kikija si mtu tena, afande. Hicho ni cha chai.”

“Wewe darasani ulikuwa unalala, lakini sikio moja liliachwa wazi. Yule binti asubuhi alisemaje?”

Koplo alikuna kidevu. “Alisema, Kifungo ha…” Akasimama. “Hakikuwemo.”

“Hakikuwemo. Na wewe ukasema kilio kimemla sarufi. Kilio hakikumla kitu. Angekuwa anajisema mwenyewe angesema hakuwemo. Alikuwa anatuambia habari ya kitu, kitu ambacho kilipaswa kuwemo na hakikuwemo. Jana usiku alipiga kelele hapa, Mwalimu?”

“Alipiga. Alikuwa ananyoosha kidole mezani. Lakini afande, nani alikuwa anamsikiliza? Sote tulikuwa tunakimbilia kopo.”

“Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Hili liliharibika.” Sajenti alisimama, akaenda dukani, akarudi na miwani iliyokuwa imening'inia kwenye gurudumu la cherehani. Akagonga mlango wa chumba. “Mama! Ni Sajenti. Sikuletei pole, nakuletea miwani.”

Alitoka kikongwe mfupi, utepe wa kupimia bado uko shingoni tangu jana. Macho yalikuwa yamevimba. Hakumtazama mtu. Akavaa miwani, akavuta kamasi, akasema, “Haya, semeni. Mnataka nimlaani? Siwezi. Nimemfundisha kukata kola mimi.”

“Sitaki laana, mama. Nataka unisomee hiki.” Sajenti alifungua kiganja.

Bibi Fundi hakukiinamia hata kidogo. “Hiyo si F?”

Koplo aliinama kuona. Dirishani shingo zilirefuka.

“Hiki ni kifungo, mama mkubwa,” alisema Dalali. “Vaa miwani vizuri.”

“Nimevaa. Kifungo ni kwa mgeni. Kwetu hiyo ni F.” Bibi alikipokea, akakipapasa upande ule uliolainika. “Marehemu alipochonga alianza na irabu, akazimwaga kama mtama. Alipofika F, mbao imemwishia, akapata moja tu. Sasa mwaka ule wa mvua nyingi nilikuwa nafagia, ikachanganyika na makaa, nikaitia kwenye pasi. Nikaona moshi. Nikasema huu mkaa wa wapi unanukia mti? Kumbe nampigia mteja suruali pasi kwa herufi! Tukatia kifungo cha koti mahali pake, mimi na binti yule, tukacheka wiki nzima. Toka hapo, ukichota kifungo, umechota F. Wengine hawajui, nani anacheza hapa zaidi yetu wawili?”

“Basi mama, sogea hapa.” Sajenti aliinua bakuli la kioo. “Hapa ndipo uliposomewa jana. Soma sasa mwenyewe.”

Bibi aliinama. Midomo ikatembea juu ya vibao. K. I. Kisha ikasimama. Alikigusa kile cha tatu kwa kidole chake kilichopinda, akakisukuma, akakivuta, kama anayeangalia mshono wa mtu mwingine kwenye nguo yake.

“F ya mbao,” alisema. “F yangu ni majivu. Hii imetoka wapi?”

“Ndilo swali alilouliza binti yako jana, na asubuhi, na sisi tukamsahihisha sarufi.” Sajenti aligeuka. “Koplo. Piga simu kituoni. Mwambie mkuu Kifungo hapandi gari.”

“Nimwambie hapandi au hakipandi?”

“Toka!”

Koplo alitoka mbio, kwa mara ya kwanza siku ile bila kuulizia chakula. Bibi Fundi alijikalisha kwenye kiti kilicho karibu, kile cha kulia, na Dalali akalazimika kusogea.

“Hii nayo ni bahati,” Sajenti alimwambia Dalali, akionyesha kile kifungo cheusi. “Umeingiza mkono umekitoa mwenyewe. Bahati ya kweli huwa hivyo, ndogo, kimya, wala haiiti majirani. Ukakibwaga. Mtu anayejua kila kibao cha mfuko huu ameibwaga F.”

“Afande, kosa moja la kumbukumbu…” Mikunjo ya shati ilikuwa imeongezeka. “Pengine ile F haikuungua. Pengine ilidondoka mahali, ikarudi mfukoni yenyewe. Si tumesema mambo ya nadra hutokea?”

“Tumesema. Mama, marehemu alichonga vibao vya mifuko mingapi?”

“Miwili,” alisema Bibi, hakuondoa macho kwenye meza. “Mmoja wetu. Mmoja alimpa kaka yake, baba wa huyu. Mbao moja, chuma kimoja.”

“Mwanangu,” alisema Sajenti Sindano, kwa sauti ya mtu anayetunga uzi. “Ule wa kwenu uko wapi?”

Dalali hakuchelewa hata kidogo. Watu wa kuuza nyumba wanajua kwamba jibu likichelewa bei inashuka.

“Ule uliliwa na mchwa,” alisema. “Zamani sana. Mfuko wote.”

“Wote?”

“Wote, afande. Naapa mbele ya mama mkubwa. Hakikubaki hata kibao kimoja.”

Sajenti alikinyanyua kile cha tatu kutoka kwenye safu, akakielekeza dirishani. Mbao nyekundu, safi, haina tundu. Akakirudisha mahali pake, kati ya I na U, akakinyoosha kidogo, kwa unadhifu tu.

“Basi mchwa wa kwenu wana adabu,” alisema. “Wamekula mfuko mzima, wakabakiza saba. Tena wanajua kusoma.”